UZI: Dirisha la kusukuma la gari la kulala linavuja? Silikoni iache kando kwanza, fungua matundu

FundiVioo_Maweni (mwenye uzi)

Salaam ndugu zangu, wa Malindi, wa Lamu na wa mbali.

Uzi huu ni wa wenye magari ya kulala ya zamani. Hapa kwetu yapo mengi kuliko watu wanavyodhani: Mercedes 508 zilizogeuzwa nyumba, kombi za Volkswagen, Land Rover za Series zilizojengewa boksi nyuma. Wageni walikuja nayo, wengine wakayaacha, vijana wetu wameyanunua na wanayafufua. Kazi nzuri. Lakini kila masika yakikaribia naletewa swali lile lile: maji yanaingia dirishani, nipake nini?

Usipake kitu bado. Tafuta kwanza maji yanapita wapi.

Dirisha la kusukuma halikuundwa kuzuia maji yasifike kwenye reli. Haiwezekani, kwa sababu kioo lazima kiteleze, na penye kuteleza pana nafasi. Waliolichora walijua maji yataingia kwenye mfereji wa chini, ndiyo maana wakatoboa matundu madogo upande wa nje ili yatoke. Dirisha zima linategemea matundu hayo. Yakiziba, mfereji unajaa mpaka ukingo wa ndani, na maji yanamwagika ukutani. Mwenye gari anaona tone kwenye mto, anakimbilia hadwea kununua silikoni, anapaka nje pande zote nne, na matundu anayaziba humo humo. Sasa maji yaliyokuwa yakitoka kwa shida hayatoki kabisa.

Huku kwetu matundu huziba upesi. Kuna mchanga wa pwani, kuna vumbi la barabara ya Sala ukitokea Tsavo, na kuna chumvi inayofanya vyote viwili vigande kama plasta. Ukichanganya masika na kusi, mvua haishuki wima, inakuja ubavuni. Gari lililokaa bila tatizo miezi yote ya kaskazi linaanza kuvuja mwezi wa nne, mwenyewe anashangaa limepatwa na nini ghafla. Halikupatwa na kitu ghafla. Mfereji ulikuwa umejaa mchanga siku nyingi, ulikuwa haujapata maji tu.

Kipimo cha kwanza hakina gharama. Fungua kioo, chukua kikombe cha maji, mimina polepole kwenye mfereji wa chini, halafu toka nje uangalie. Maji yanatakiwa yaonekane yakishuka nje ya gari papo hapo. Yakikaa, umeshapata ugonjwa. Chukua waya mwembamba usio na ncha kali, ingiza kwenye kila tundu kutoka nje, zungusha taratibu, kisha suuza. Tumia maji ya mvua au ya bomba, maana visima vingi vya karibu na bahari vina chumvi na utakuwa unarudisha kile kile unachokitoa. Kuna madirisha ambayo matundu yake yamefunikwa na vifuniko vidogo vya plastiki kwa nje. Hivyo usivitupe, vinazuia upepo usirudishe maji ndani gari likiwa mwendoni.

Kama bado linavuja, pima kwa mpira wa maji. Mmoja akae ndani na tochi, mwingine nje. Anza CHINI ya dirisha, dakika chache, bila presha kubwa. Halafu ubavu mmoja, halafu wa pili, halafu juu, na mwisho kabisa paa. Ukianzia juu maji yatalowesha kila mahali na hutajua kilichovuja ni kipi. Nimeona madirisha yakilaumiwa bure, kumbe maji yanaingia kwenye skrubu za keria ya paa, yanateremka ndani ya ukuta, na yanatokea kwenye kona ya dirisha kwa sababu ndipo penye uwazi wa kwanza.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Nitaeleza kwa 508 niliyonayo karakana, maana ndiyo inayosumbua zaidi. Familia ile ilitengenezwa Düsseldorf kuanzia 1967 hadi 1986, na injini yake ya OM314, lita 3.8, ni ya kuaminika sana. Wenye nazo hutunza injini, kuta wanazisahau.

Dirisha la hii lina fremu ya alumini, ukingo wake umekaa juu ya bati la nje, umefungwa kwa skrubu zilizofichwa chini ya utepe wa plastiki. Utepe ukiwa mkavu hukatika ukiuvuta, na si hasara, kwa sababu wenye ufa hupitisha maji kwenye vichwa vya skrubu na utaubadilisha tu. Chini yake nimekuta kile ninachokikuta kila mara: skrubu za chuma kisichoshika kutu, zinang'aa, na alumini iliyozizunguka imekuwa unga mweupe. Metali mbili tofauti zikigusana penye maji ya chumvi, ile dhaifu huliwa, na hapa dhaifu ni alumini. Skrubu inabaki nzima, tundu linapanuka, fremu inalegea, na barabara mbovu inamalizia.

Skrubu iliyogoma usiilazimishe kwa nguvu za mkono, kichwa kitaharibika. Tia mafuta ya kupenyeza jioni, uiache mpaka asubuhi. Pasha moto kidogo kwa bunduki ya joto, mbali na kioo. Ikikataa bado, toboa kichwa kwa drili, fremu itoke, mwili wa skrubu utashughulikiwa baadaye kwa playa.

Kuitoa fremu kwenye bati, msitumie bisibisi kama mtaimbo. Alumini ya zamani ikipinda hairudi sawa, na fremu iliyopinda milimita 2 tu kioo hakitatembea tena. Mimi natumia mshipi wa nailoni, huu huu wa kuvulia. Unaupenyeza kwenye kona, unafunga kijiti kila ncha, mmoja ndani mmoja nje, mnavuta huku na huku kama msumeno. Unakata gundi ya zamani bila kukwaruza rangi. Fanyeni asubuhi mapema. Jua la saa sita linaifanya butili (ile gundi ya utepe isiyoganda) iwe laini kama ubani uliotafunwa, inanasa mshipi na haikatiki.

Ukishatoa fremu, chukua patasi ndogo na uchome ubao ulio ndani ya ukuta chini ya dirisha. Ubao mzima unasukuma patasi nyuma. Uliooza unaipokea. Hapa ndipo penye hasara ya kweli, na sielewi kwa nini watu wanaangalia kioo tu. Kwenye gari hili ubao wa chini wa dirisha la upande wa dereva niliutoa kwa vidole. Fundi aliyetangulia alikuwa amepaka silikoni nene nje, imependeza, imenyooka, na nyuma yake maji yamekaa yakila ubao miaka.

Kuhusu mfereji wa kioo: ule wa zamani ni raba yenye felti (kitambaa kizito) ndani na uti wa chuma katikati. Felti hushika maji, uti hushika kutu, kutu huvimba, na kioo kinabanwa. Mtu anasema dirisha ni gumu, anapaka grisi. Grisi inakusanya mchanga, na mchanga unakwaruza kioo mistari ambayo haitoki. Toa mfereji wote, usafishe reli kwa brashi ya nailoni (brashi ya chuma inaacha chembe ambazo baadaye zitashika kutu), weka mpya. Ukikosa ule wa asili, mafundi wa madirisha ya nyumba wanayo manyoya ya kuteleza yanayouzwa kwa mita. Ulizia ya polipropilini iliyotiwa silikoni, isiyonyonya maji. Mwaga tone juu yake: likibaki shanga, chukua. Likizama, achana nayo.

Kulainisha ni kwa silikoni ya kupuliza peke yake, kidogo. Mafuta ya injini, grisi na mafuta ya taa huvimbisha raba.

Kurudisha fremu: safisha bati mpaka liwe tupu. Mabaki ya butili yanatoka kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, kisha pangusa kwa spiriti mpaka kitambaa kibaki cheupe. Chini ya ukingo wa fremu weka utepe wa butili. Haugandi, kwa hiyo gari likitikisika unafuata, na siku nyingine dirisha litatoka bila vita. Kaza skrubu kidogo kidogo kwa kuzunguka, pumzika, rudi ukaze tena, butili itatokeza yenyewe pembeni. Usikaze mpaka ikaisha yote katikati. Kila skrubu ipakwe kizuizi kabla haijaingia, grisi ya lanolini inatosha, ili chuma na alumini visigusane. Na riveti ziwe za alumini. Za chuma utazijutia.

Maswali karibuni. Picha nitaweka nikimaliza upande wa pili.


KijanaBarani

Shukran sana fundi. Mimi kioo kimoja kimevunjika kimekuwa vipande vidogo vidogo kama punje za chumvi. Kuna mzee mmoja ana kioo kama hicho kutoka gari jingine lakini ni kirefu kwa vidole viwili. Anaweza kunikatia?


FundiVioo_Maweni (mwenye uzi)

Hapana mdogo wangu, na usimruhusu ajaribu. Kikivunjika vipande vidogo vidogo, hicho ni kioo cha tempa. Hukatwa kwanza kikiwa cha kawaida, ndipo kinapashwa moto zaidi ya nyuzi 600 na kupozwa kwa kasi kwa upepo. Uso wake unabaki umebana na moyo wake umevutika. Ukijaribu kukikata kwa almasi baada ya hapo, kinapasuka chote. Hata kutoboa tundu moja la komeo hakuwezekani. Tazama kona, mara nyingi alama imechorwa ndani ya kioo.

Unachotakiwa kufanya: toa fremu, kata kielelezo cha kadibodi ngumu, kiingize kwenye reli ukisukume huku na huku mpaka kiteleze vizuri, ndipo uagize kioo cha kipimo hicho, kikatwe na kutiwa tempa baadaye. Pima unene wa kile cha zamani kwa kalipa (kifaa cha kupimia unene), usikisie. Vingi ni milimita 4 au 5, na tofauti ya milimita 1 inatosha kukunyima usingizi, maana mfereji wa 4 haupokei 5.

Kioo cha kawaida cha nyumba USITIE. Najua ni rahisi na kinapatikana leo leo. Kikivunjika kinatoa visu, na nyuma ya hicho kioo wanalala watoto wako.


MpwaniMtwapa

Fundi heshima yako, lakini hapo kwenye silikoni sikubaliani nawe. Mimi gari langu nimezungushia silikoni madirisha yote, ndani na nje, na halijadondosha tone. Mambo ya kutoa fremu ni ya kumpa mtu kazi na gharama. Mbona mabasi yanapakwa?


FundiVioo_Maweni (mwenye uzi)

Heshima kwako pia ndugu yangu, na nafurahi umelisema waziwazi kwa sababu wengi wanafanya hivyo.

Kutodondosha tone ndani si dalili kwamba maji hayaingii. Nakuomba fanya jambo moja: chini ya dirisha moja, toa skrubu mbili za ubao wa ndani, uuvute kidogo, utie mkono. Kama ni pakavu na hapanuki uvundo, nitafurahi pamoja nawe. Kama ni pabichi, bora ujue sasa.

Basi ni bati na chuma, na kioo chake kingi hakisogei. Kioo kisichosogea kinaweza kugandishwa kwa gundi, ndiyo maana kule inafaa. Dirisha la kusukuma lina kitu kinachotembea, huwezi kuliziba ukabaki nalo.

Halafu silikoni yenyewe ni ya aina mbalimbali. Ile inayonuka siki inapokauka inatoa asidi, na asidi hiyo inakula metali, hasa bati lenye zinki. Isiyonuka ni afadhali, na ina mahali pake, kati ya kioo kisichosogea na fremu yake. Lakini zote zina tabia moja: zikishakauka hakuna rangi inayoshika juu yake, na hata silikoni mpya haishiki vizuri juu ya ya zamani. Kwa hiyo anayepaka tabaka juu ya tabaka kila mwaka anajenga ukuta usioshikana.

Kwenye kuunga kwa nguvu, tumia gundi ya poliyurethani. Inahitaji unyevu wa hewa ili ikomae, kama milimita 3 kwa siku, na unyevu Malindi hatununui. Soma tarehe kwenye mrija kabla hujalipa. Mirija iliyokaa dukani kwenye joto hukauka mapema, unabonyeza inatoka mavimbe. Na usitumie poliyurethani chini ya fremu unayotaka kuitoa siku moja. Itashika mpaka urarue bati.


FundiJahazi_Matondoni

Salaam aleikum. Nimesoma uzi huu nikiwa Matondoni, Lamu, na mimi magari siyajui sana, kisiwa chetu ni cha punda na mashua. Kazi yangu ni majahazi. Nimeguswa na hilo la ubao, niruhusuni niseme mawili.

Ndugu yangu fundi, ubao hunywa maji kwa ncha zake kuliko ubavuni. Sisi ubao tunaupigia kalafati, pamba iliyolowa mafuta ya nazi, tunaisindilia kwa nyundo kwenye maungo, na inafanya kazi kwa sababu ubao wa chombo umo majini na unavimba kuibana. Ubao wa gari lenu unaloa na kukauka, unaloa na kukauka. Huo unataka njia nyingine. Ukikata kipande kipya cha kuweka chini ya dirisha, zile ncha mbili ulizokata uzipake epoksi mara mbili, iingie, ukauke, upake tena, kabla hujakiweka mahali pake. Kikishaingia ukutani huzioni tena na huzifikii.

La pili, usichukue msonobari wa dukani. Tafuta mvule au mbambakofi, hata kipande kilichobaki kwa maseremala wa milango. Mbambakofi ni mzito na unachosha msumeno, lakini dirishani unahitaji kipande chembamba tu.


FundiVioo_Maweni (mwenye uzi)

Aleikum salaam maalim, na Mungu akuzidishie. La ncha nitalifuata leo hii hii, kipande cha mvule kipo mezani na nilikuwa nimepaka ubavu tu kwa unene.

Niongeze kwa wengine: ukikata ubao uliooza, usiishie pale ulaini unapokwisha. Endelea sentimita 10 hivi ndani ya ubao mzima, maana uozo hutangulia kabla patasi haijauona. Na muache ukuta ukauke kabisa kabla ya kufunga. Acheni dirisha wazi, feni ndani, siku za jua. Mkifunga ubichi ndani, mmeupika.


TangaKombi

Wakuu, salamu kutoka Tanga. Mimi nina kombi ya Volkswagen, ile ya kioo cha mbele kimoja kilichopinda. Madirisha ya kusukuma hayana skrubu zozote, yamekaa ndani ya raba tu. Raba imepasuka pasuka. Hii nayo ni butili?


FundiVioo_Maweni (mwenye uzi)

Karibu mkuu wa Tanga. Yako ni tofauti, butili weka kando. Kwenye hiyo, fremu nzima ya dirisha imeshikwa na raba moja kubwa, na raba hiyo ina midomo miwili, mmoja unashika fremu, mwingine unashika bati. Raba iliyopasuka haitengenezwi, inabadilishwa, na raba za kombi bado zinatengenezwa nje kwa sababu wapenzi wake ni wengi.

Kabla ya kuweka, angalia ukingo wa bati lenyewe, hasa chini. Kombi nyingi zina kutu pale. Kwaruza, tia rangi ya kuzuia kutu, rangi ya juu, iache ikauke vizuri kabisa.

Kuweka ni hivi. Vika raba kwenye fremu ya dirisha, ukingo wa kona ukae kamili. Chukua kamba laini imara, unene kama wa kalamu ndogo, uizungushe ndani ya ule mdomo wa bati, ncha zipishane katikati ya upande wa chini. Paka maji ya sabuni kwenye raba na kwenye bati. Mmoja nje aliweke dirisha na kulisukuma kwa viganja, wewe ndani uvute ncha moja ya kamba taratibu, sambamba na bati. Kamba inapotoka inauinua mdomo wa raba na kuuvusha ukingo. Mwenzio wa nje awe anagonga kwa kiganja pale pale unapovuta, si mbele yake. Ukifika kona usiharakishe. Kona ndizo zinazochana raba mpya, na inauma.

Na wewe pia matundu unayo, angalia mfereji wa chini wa fremu.


BiWatamu

Fundi hujambo. Nimeona uzi umechelewa kidogo lakini naomba usinipite. Mimi na mume wangu tuna gari la kulala lenye madirisha kama ya hiyo 508. Limeanza kutuvujia kona ya nyuma chini, dirisha la jikoni. Cha ajabu, tukiwa safarini na mvua kubwa halivuji. Likiegeshwa nyumbani tu, asubuhi tunakuta godoro bichi. Tumeshabadilisha mpaka raba.


FundiVioo_Maweni (mwenye uzi)

Sijambo dada, na hujachelewa. Hebu nijibu: pale nyumbani gari limekaa sawa au limelala upande? Na matundu ya dirisha hilo yako wapi, mwanzo wa mfereji, mwisho, au kote?


BiWatamu

Nimetoka kuangalia. Uwanja wetu unateremka kuelekea barabarani, tunaliingiza kinyumenyume, kwa hiyo nyuma ndiyo chini... hapana, samahani, mume wangu ananisahihisha: tunaliingiza kwa mbele, pua iko juu, nyuma iko chini. Tundu naliona moja tu, upande wa mbele. Nyuma kuna alama ya tundu lakini limejaa kitu cheupe kigumu.


FundiVioo_Maweni (mwenye uzi)

Basi dada, umeshalipata. Maji yanakimbilia nyuma kwa sababu ndiko chini, na nyuma mlango wa kutokea umezibwa. Yanajaa kwenye ile kona mpaka yanavuka ukingo wa ndani na kushuka godoroni. Mkiwa barabarani gari liko sawa, maji yanafika kwenye tundu la mbele na kutoka. Ndiyo sababu matundu huwekwa karibu na ncha zote mbili.

Hicho cheupe ni silikoni au ni chumvi iliyoshikana na alumini iliyoliwa. Kama kinabonyea, ni silikoni: kikate kwa wembe, kivute kwa koleo dogo. Kama kinavunjika unga, kichokoe kwa kijiti cha mbao, kisha waya. Usianze na drili, unaweza kupitiliza ukatoboa upande wa ndani. Kikigoma kabisa ndipo utoboe kwa mkono kwa keekee ya milimita 5, ukiwa umeweka kipande cha mbao ndani ya mfereji nyuma ya tundu. Ukimaliza, laini ukingo na uguse kwa rangi, alumini iliyochunwa upya huliwa haraka.

Halafu leo usiku toeni godoro, na mkague ubao wa ukuta kwa patasi kama nilivyoeleza juu.


BiWatamu

Ilikuwa silikoni. Imetoka kipande kirefu kama mnyoo, na nyuma yake maji yakatoka pale pale, mengine meusi. Tumemimina kikombe, yanashuka nje. Ubao ni mzima isipokuwa kipande cha mwisho kwenye kona, kinabonyea kama urefu wa kidole. Mume wangu anasema tusubiri. Mimi sitaki kusubiri.


FundiVioo_Maweni (mwenye uzi)

Nakuunga mkono dada, msisubiri. Urefu wa kidole ni kazi ndogo sasa. Kateni, mchukue kipande cha mvule, ncha mzipake epoksi kama alivyofundisha maalim wa Matondoni.


KijanaBarani

Fundi la mwisho kwangu. Kioo cha tempa kimeagizwa, kitachukua muda. Wakati huo naweza kuweka plastiki ngumu? Na makomeo ya dirisha yote yamekatika, yale ya plastiki nyeusi. Huku hayapo.


FundiVioo_Maweni (mwenye uzi)

Plastiki ya muda inafaa, lakini chagua. Polikaboneti ni ngumu kuvunjika na inakwaruzika upesi. Nyingi zina upande mmoja tu uliokingwa na jua, umeandikwa kwenye karatasi ya kufunikia, na upande huo ndio utazame nje. Akriliki ni angavu zaidi na inapasuka. Zote mbili hukua kwa joto kuliko alumini. Kipande cha mita 1 kikipanda joto nyuzi 30, kinarefuka kama milimita 2, na fremu ya alumini haifiki hata milimita 1. Basi kata kipungufu, kiache na nafasi kila upande, la sivyo saa saba mchana kitajikunja na kukwama.

Na wote wenye madirisha ya akriliki ya asili, tafadhalini: petroli, thina na spiriti visikaribie. Huonekani umeharibu kitu siku ile, halafu zinatokea nyufa ndogo ndogo kama utando wa buibui ndani ya plastiki yenyewe, na hazitoki. Sabuni ya kuogea na maji, kitambaa laini, basi.

Makomeo chonga mwenyewe. Chukua ubao wa plastiki mweupe wa kukatia mboga, ule mnene, ni rahisi kwa msumeno na tupa, na hauli alumini kama ambavyo shaba ingekula. Pima komeo la zamani hata kama limevunjika, unganisha vipande juu ya karatasi na uchore. Jua litauchosha baada ya muda, basi kata mawili ya akiba siku hiyo hiyo wakati vipimo unavyo. Kwa usalama wa usiku weka kijiti cha mti mgumu ndani ya reli nyuma ya kioo kinachosogea, urefu kamili. Hata komeo likivunjwa, kioo hakifunguki. Wavu wa mbu uwe wa fibaglasi, wa chuma utashika kutu kabla ya mwaka mpya.

Ukienda dukani kwa ajili ya mfereji na manyoya, nenda na kipande cha kile cha zamani mkononi, na kalipa mfukoni.